Ujumbe Wenye Macho Mekundu

Joyness alikuwa uani na bibi yake, Kwandu, wakichambua pamba. Simu ikaita. Ilikuwa simu ya mama, lakini Joyness aliruhusiwa kuitumia kwa masomo. Ujumbe ulitoka kwa namba asiyoijua.

"Mjukuu wangu, nakuona. Umevaa gauni la njano. Zamu yako imefika."

Chini yake palikuwa na picha ya bibi Kwandu. Anacheka, na macho yake mekundu kama makaa.

Joyness akageuka. Bibi alikuwa palepale, ameinamia pamba. Hakuwa na simu. Hajawahi kuwa na simu maishani mwake. Joyness akalitazama gauni lake la njano.

Siku ya pili ujumbe ukaja tena. Siku ya tatu pia. "Usile. Usilale. Nakuja." Joyness akaacha kula chakula alichopika bibi. Akaacha na shule. Mama yake, Esteria, alipoiona ile picha, alimwita mumewe.

Baba yake, Masunga, aliongea kwa sauti ya chini. "Macho ya mayu ni mekundu tangu zamani. Watu walinionya kuwa ni mchawi, nikabisha."

Jamani! Huyo mayu ndiye mama yake mzazi. Macho yake ni mekundu kwa moshi tu. Miaka hamsini anapikia mabua ya pamba. Lakini hofu ikishaingia ndani ya nyumba, nani anakumbuka moshi?

Masunga akaenda kwa mganga. Mganga akasema simu ichomwe, na bibi ahamishwe. Basi Jumamosi asubuhi bibi alitakiwa kwenda Nkoma, kwa binti yake. Alifunga nguo zake kwenye kitenge.

"Nimekosa nini, mwanangu?" aliuliza kwa Kisukuma.

Masunga aliichukua ile simu. Aliwasha moto uani.

Hapo akapita jirani yao, Monika. Yeye ni mwalimu wa malezi katika shule ya Joyness. Alikuja kuuliza kwa nini mtoto haonekani darasani.

"Mwangaluka, baba Joyness. Unachoma nini?"

"Mwangaluka, mwalimu. Nachoma uchawi."

Monika akaomba simu, akasoma. "Mama yako anajua Kiswahili?"

"Maneno mawili matatu."

"Anajua kuandika?"

"Hapana."

"Sasa haya kayaandikaje?"

Monika akamwonyesha Joyness ile picha.

"Joyness, picha hii alipiga nani?"

"Lucy, wa darasani kwetu. Alikuja kujisomea hapa. Bibi akampa michembe ya viazi ale."

"Macho yalikuwa hivi?"

"Hapana."

"Yametiwa wekundu kwa simu. Na gauni lako alilijuaje?"

Joyness akawaza. "Asubuhi ile nilijipiga picha nikaiweka wasapu."

"Umeona? Huu si uchawi. Ni uonevu wa mtandaoni. Ukikupata, usijibu. Usifute, maana ujumbe ndio ushahidi. Piga picha ya skrini, kisha izuie namba hiyo. Na mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, hata kama unaona aibu. Vitisho vikizidi, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto." Akamgeukia Masunga. "Na wewe ungechoma simu hii, mwonevu angekushukuru sana!"

Esteria akamwaga maji kwenye moto, akaurudisha ndani mzigo wa bibi.

Jumatatu shule iliwaita Lucy na wazazi wake. Namba ilikuwa ya kaka yake. Lucy akalia. "Joyness alinipita kwenye mtihani. Nilitaka kumtisha tu."

Alipewa adhabu, na Monika akaanza kumpa ushauri kila wiki. Joyness alirudi darasani. Vitisho vilikoma.

Kisha wazazi wa Lucy walimleta kwa bibi Kwandu kuomba radhi. Esteria alimweleza bibi yote kwa Kisukuma. Bibi akamshika Lucy kichwani.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Usirudie."

Halafu akamtazama Masunga.

"Huyu ni mtoto, alidanganya. Wewe una mvi, ukaamini."

Masunga akapiga magoti mbele ya wageni wote. "Nisamehe, mayu," alisema, na machozi yakamtoka.