Kikombe cha Bluu cha Mutsinzi

Kikombe kilikuwa kimelowa tena. Kaliza alikinusa: pombe ya mtama. Asubuhi alikuwa amekiosha, akakianika na kukitundika msumarini nyuma ya jiko.

Kilikuwa cha mume wake. Sida, yaani Ukimwi, ilipomkondesha Mutsinzi, wengine waliendelea kunywa chungu kimoja kwa mrija mmoja, lakini yeye Kaliza alimnunulia kikombe cha bati, cha bluu, naye akawa anakunywa peke yake kizingitini mpaka alipokufa.

Jana ilikuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka waliokufa kwa ugonjwa huo. Kijiji kizima cha Masaka kilitoka misani, kila nyumba ikammiminia marehemu wake pombe. Kaliza naye akammiminia wake, katika kikombe cha bluu.

"Yesu wangu! Umempa hicho?" mama mkwe wake, Gahongayire, alinong'ona.

"Ni mazoea, mama."

"Hata akiwa amekufa, bado unamtenga?"

Tangu hapo kikohozi kilisikika kizingitini, kikavu, kikaingia sebuleni pamoja na harufu ya jasho la homa, kikazunguka viti kama mtu anayetafuta nafasi ya kukaa huku kila mtu akimgeuzia mgongo, kikafika hadi kwenye mkeka wa Shimwa, mtoto wao wa miaka minne, kikatulia hapo.

Walimwita Spéciose, mganga wa Kabuga.

"Mbona mmefunga milango?" aliwacheka. "Mzimu ni mtoza kodi?" Kisha akashusha sauti. "Anataka mrija wenu. Nitamnywesha yeye kwanza, halafu wewe, mke wake. Akiridhika, ataondoka."

Majirani walioalikwa hawakuja. Chungu kikawekwa katikati. Spéciose akaelekeza mrija kwenye kiti kitupu, na pombe ikashuka chunguni, polepole, ikitoa sauti ya kufyonza. Gahongayire akalia bila kutoa sauti. Mganga akamkabidhi Kaliza mrija.

Ncha yake ilikuwa ya moto. Kabla hajafikiri, Kaliza aliifuta kwa kitenge chake.

Kikohozi kikakoma.

"Mama Shimwa," Spéciose alinong'ona, "umefanya nini?"

Nyuma ya jiko, msumari ulikuwa mtupu. Shimwa alikuwa amekaa kizingitini, peke yake, ameshika kikombe cha bluu kwa mikono miwili.

"Kirudishe, mwanangu. Ni cha baba."

"Baba amesema sasa ni changu," mtoto alijibu, akanywa, akaanza kukohoa.