Kikohozi cha Mama Samaki

Kila Jumamosi asubuhi Samaki huamka kabla ya mama yake. Hukunja taulo lake, hutia sabuni kwenye mfuko, kisha hukaa mlangoni, viatu miguuni. Samaki si jina lake la kuzaliwa. Alipewa na watu wa bwawa la kuogelea, maana akiingia majini hatoki mpaka afukuzwe. Ni mtu mzima, ndevu anazo. Ana ulemavu wa akili. Mambo huyaelewa polepole, na maneno marefu humchosha. Lakini majini, weee! Huko hakuna wa kumfundisha kitu.

Zamani alikwenda bwawani peke yake. Alifika dirishani, akasema, "Moja," muuza tiketi akataniana naye kidogo, akaingia. Halafu dirisha likafungwa. Tangazo likabandikwa: tiketi zote zinunuliwe kwa simu, kwenye tovuti. Samaki alijaribu, akashindwa. Ikabidi mama amnunulie. Na mama ni fundi cherehani, Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Mara nyingi aliikumbuka tiketi bwawa likiwa limeshafungwa, na mwanawe bado kakaa pale mlangoni. Samaki hakulalamika. Hilo ndilo lililomuuma mama kuliko yote.

"Siku nikifa mimi, nani atambonyezea?" alijiuliza, sindano mkononi.

Siku moja jirani wa ghorofani alishuka na gauni la kupunguza. Binti huyu kazi yake ni kutengeneza tovuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gauni tena? Wewe unakonda au gauni linanenepa?"

Binti alicheka. Kisha akamwona Samaki mlangoni na taulo lake. Akauliza, akaambiwa. Kicheko kikaisha.

"Mama, tovuti hiyo tumeitengeneza sisi."

"Basi mmetukomesha," alisema mama. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Tuliwapa watu waijaribu kwanza. Lakini wote walikuwa kama mimi, watu wa kushinda kwenye kompyuta. Nataka kaka aijaribu, nione inamkwamisha wapi."

Samaki aliposikia hivyo aliinuka akaingia chumbani. "Mtihani sitaki," alisema. Shuleni alikuwa akifeli kila mtihani, na darasa zima likicheka.

Binti alimfuata, akasimama nje ya mlango. "Kaka, hupimwi wewe. Inapimwa tovuti. Ukikwama, imefeli yenyewe. Ukichoka, niambie 'basi', tutaacha. Na ukikataa, sitakasirika."

Samaki alifikiri. "Kwa hiyo mimi ndiye natoa maksi?"

"Wewe mwenyewe."

"Haya."

Siku ya kujaribu walikaa palepale penye cherehani, mahali Samaki alipopazoea. Mama akajisogeza karibu yake, bega kwa bega.

"Kaka, nunua tiketi ya kuogelea," binti alisema.

Samaki akabonyeza hapa, akabonyeza pale, tiketi ikatoka! Binti alishangaa. Akamwomba arudie. Safari hii binti hakutazama simu. Alimtazama mama.

Kila kidole cha Samaki kilipokaribia kukosea, mama alikohoa. "Khm!" Kidole kikahama. Ndiyo ilikuwa lugha yao tangu utotoni: dukani, barabarani, mbele ya wageni. Mama mwenyewe hata hakujua kwamba anakohoa.

"Mama, una mafua?"

"Mimi? Mzima kama chuma."

"Basi nani anakohoa?"

Mama alitahayari. "Namsaidia tu, mwanangu. Sitaki aaibike."

"Najua, mama. Lakini nitakwenda kuwaambia wenzangu tovuti ni nzuri, kumbe kizuri ni kikohozi chako. Na siku usipokuwepo?"

Mama aliinuka. Akahamia upande wa pili wa chumba na shuka la mteja, akaanza kupinda. Akauma mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Samaki akaanza tena. Skrini ikaandika: Thibitisha muamala ili kuendelea. Akangoja kikohozi. Hakikuja. Binti hakunyoosha hata kidole. Juu ya skrini saa ya kuhesabu muda ilikuwa ikirudi nyuma. Ikaisha, na kila kitu kikafutika.

"Umeelewa, baba?" mama aliropoka kutoka kule.

"Ndiyo," Samaki akajibu haraka, akitazama chini.

"Mama," binti alisema kwa upole, "ukimuuliza hivyo atasema ndiyo ili ufurahi. Wengi tungesema hivyo." Akamgeukia Samaki. "Kaka, hapa ulikuwa unataka kufanya nini?"

Binti hakumharakisha.

"Sijui," Samaki alisema mwishowe. "Hii inataka nini? Inakimbia. Mimi sikimbii. Mimi naogelea."

Sindano ya mama ilisimama. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia mwanawe akisema "sijui" mbele ya mtu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa shuka la mteja.

"Asante, kaka. Umenifundisha," binti alisema. "Unatupa maksi ngapi?"

"Sifuri!" Samaki akacheka mpaka akashika tumbo.

Binti na wenzake wakarudi kazini. Ile saa wakaiondoa. Yale maneno magumu yakawa: Nunua tiketi. Kila ukurasa ukabaki na swali moja na picha kubwa. Kisha wakawaita watu wengine wenye ulemavu wa akili, wakawalipa kwa muda wao, wakawatazama bila kuwaingilia. Kila mmoja alikwama mahali pake, na kila mahali pakarekebishwa. Hata bibi mmoja, mteja wa mama, alisema siku hizi hamsumbui tena mjukuu wake.

Jumamosi ikafika. Wateja wamejaa. Samaki yuko mlangoni, viatu miguuni, simu mkononi. Mama anamtazama kwa pembeni. Kidole kinaelekea siko.

Mazoea yana taabu. "Khm!"

Samaki hakugeuka.

"Mama, kunywa maji," alisema.

Kidole kikatulia kidogo, kikarudi chenyewe. Akabonyeza. Akachukua taulo lake, akaenda bwawani.