Sijambo ya Najat

Kila asubuhi Najat alipokwenda shule kule Mbagala, njia nzima ilikuwa salamu. "Shikamoo!" "Marahaba, hujambo?" "Sijambo!" Bibi yake, Mwanabaraka, alimfundisha kwamba mtoto mwenye adabu hamwagi shida zake mbele za watu. Najat alilishika fundisho hilo kupita kiasi. Tumbo lilimkata siku mbili, naye akawa sijambo tu, mpaka alipoanguka mstarini. Siku hiyohiyo alipelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo.

Mtaalamu wa dawa za usingizi, Bernadeta, alimweleza kila kitu bila kumficha. "Ukishalala, nitakupa dawa ya kulegeza misuli ili daktari afanye kazi yake. Mashine itakupumulia. Tukimaliza, nitakupa dawa nyingine ya kuiamsha misuli."

Najat alipofumbua macho, upasuaji ulikuwa umekwisha. Bernadeta alikuwa bado amesimama kando ya kitanda.

"Najat, hujambo mwanangu?"

"Sijambo," alinong'ona.

Sijambo gani! Kope zilikuwa nzito, na kila pumzi aliivuta kwa shida. Mhudumu alishika kitanda ampeleke wodini.

"Ngoja kwanza," Bernadeta alimzuia. "Najat, hiyo ilikuwa salamu. Sasa nataka ukweli. Unapumua vizuri? Hebu inua kichwa."

Kichwa hakikubanduka kwenye mto. Najat aliona haya. Bibi angesemaje akimsikia analalamika? Akajikaza.

"Siwezi. Hewa haitoshi. Na nakuona uko wawili."

"Hapo umenisaidia sana!"

Bernadeta alimvalisha barakoa ya oksijeni, akapima nguvu za misuli kwa kifaa chake, akamwongezea ile dawa ya kuiamsha misuli kwenye mshipa. Hakuondoka pale hata kidogo. Taratibu pumzi zikawa nyepesi. Najat aliinua kichwa, kisha akaambiwa aminye vidole vya Bernadeta.

"We mtoto, utanivunja!" Bernadeta alicheka, ndipo akaruhusu kitanda kisukumwe.

Wodini alimweleza bibi. "Dawa ya kulegeza misuli ilikuwa bado mwilini. Angeondoka na ile sijambo yake, pumzi zingeweza kukatika. Adabu umemfundisha vizuri, bibi. Ila anayekutibu akikuuliza hali, usimfiche, maana anatibu kile unachomwambia."

Bibi alimshika mjukuu wake mkono. "Haya, mama. Hujambo?"

Najat alifikiri kidogo.

"Sijambo, bibi. Ila kidonda kinauma."

Bibi alicheka huku akifuta machozi, akainuka kwenda kumwita muuguzi.