Jumamosi ya Kurasa Nyeupe

"Imetoboka kwa kiwiko," Syombua alisema, akiinyoosha sweta ya kijivu aliyoiokota juu ya rundo la mitumba. "Utapunguza?"

"Hiyo haiuzwi, sista," alijibu kijana mrefu aliyekuwa akijaribu jaketi kando yake. "Hiyo ni yangu. Nimetoka nayo nyumbani."

"Aiya! Na mbona umeiweka kwa rundo?"

"Ningeiweka wapi? Kichwani?"

Ilikuwa siku ya soko, Marikiti ya Machakos imefurika, na muuzaji mwenyewe alicheka hadi akakaa chini. Syombua alikuwa amevaa rinda la bluu lenye mkanda mweupe. Kijana hakuliondolea macho, na jaketi hakununua.

Jumatatu Syombua alimkuta ofisini kwao. Jina lake Lenny, ameajiriwa kuangalia seva. Ofisi hiyo ilikuwa ya wapima ardhi. Syombua alikuwa akiskani ramani kuukuu, picha zinaingia kwenye seva, na seva inaziunganisha kuwa PDF za kuwapa wateja. Kwa hiyo kutwa walikuwa wakitafutana, na kazi ilikuwa kisingizio tu.

"Mwendwa wakwa, mpenzi wangu," Lenny angempigia simu ilhali wametenganishwa na ukuta mmoja, "picha zako ni safi. Hata nyanya yangu kule Kivaa anaweza kuzisoma bila miwani."

"Wacha uongo. Fanya kazi."

Lakini sifa ilimwingia. Akaanza kuipandisha skana ubora kidogo kidogo ili picha zizidi kung'aa.

Ukafika wakati wa mbuzi wa ntheo. Mkamba asipowapeleka mbuzi hao kwa wazazi wa msichana hana mke, hata wakizeeka nyumba moja. Siku ikapangwa, Jumamosi, kwao Syombua huko Mwala. Ijumaa, ili asiache kiporo cha kazi, Syombua aliiweka skana kwenye ubora wa juu kabisa, akaskani kabati zima la ramani, kisha akaenda nyumbani akiimba.

Jumamosi wazee wa ukoo walikaa. Mama zake walipika. Syombua, na kitenge kipya na nywele zilizosukwa vizuri, alipiga simu ya Lenny ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Jua lilipogeuka, wazee walianza kuaga mmoja mmoja bila kumtazama usoni. Hiyo ndiyo iliyomuua: kwamba hawakumtazama.

Lenny alipiga jioni. "Syombua, nisamehe. Kazi ilinishika."

"Kazi gani?"

"Ni seva. Nilikuwa huko nyuma, simu iko kwa chaji mapokezi."

"Seva ni nini mbele ya baba yangu?"

Syombua akakata simu.

Kisha moyoni hakusikia kitu. Alingojea hasira, haikuja. Alingojea machozi, nayo pia hayakuja. Alikula, akalala, akaenda kazini na sketi ileile ya jana, akaskani. Watu walipomsalimu alijibu "poa", na kweli ilikuwa poa, poa kama chai iliyosahaulika. Lenny aliomba ahamishiwe ofisi ya Mavoko. Siku aliyoaga, Syombua alimpa mkono kama anavyompa mteja.

Ndipo PDF zikaanza kutoka nyeupe, kurasa tupu, ramani hakuna. Meneja, Bwana Maundu, alitoka ofisini ameshika kichwa.

"Mpigie huyo Lenny. Mimi sitaki kujua mambo yenu, nataka ramani."

Alimpigia.

"Sasa, Syombua."

"Poa. PDF zinatoka tupu. Nifanye nini?"

"Chukua picha moja ndogo, hata ya kitambulisho. Igeuze iwe PDF peke yake."

"Imetoka vizuri."

"Sasa chukua ramani moja."

"Nyeupe."

"Basi programu ni nzima. Picha ndiyo kubwa sana, seva inaishiwa na nguvu katikati, inaacha karatasi bila kitu. Shusha ubora wa skana, uziskani tena."

"Hii ilishatokea?"

"Ilishatokea, ee."

"Lini?"

"Zamani tu. Fanya hivyo, zitatoka."

Alikuwa akijibu haraka mno. Syombua akafungua folda ya kazi zilizokwama, akashuka hadi akaifikia Jumamosi ile. Majina ya picha yalianza kwa herufi za jina lake mwenyewe, zote, kabati zima la ramani.

"Lenny. Hizi picha ni zangu."

Aliishusha orodha hadi mwisho.

"Ni mimi niliangusha seva. Ulikuwa unatengeneza makosa yangu."

"Mteja alikuwa anazitaka siku hiyo, na Maundu aliapa kumfuta kazi mtu aliyeharibu. Nilidhani nitamaliza saa moja tu. Nikazipunguza moja moja, na zilizofuata pia hadi nikahama."

"Ungeniambia mimi."

"Ungeenda kwa Maundu ujitaje. Nakujua."

Ilikuwa kweli, na akaenda papo hapo, simu ikiwa bado mkononi. Maundu alimsikiliza, akavua miwani, akasema, "Shusha hiyo skana uniletee ramani zangu."

Syombua alimkatia Lenny, akampigia baba yake Mwala.

"Tata, ile Jumamosi mtu wa kulaumiwa ni mimi. Niliharibu mashine ya kazi, Lenny akabaki akiitengeneza, akanificha nisifukuzwe."

Baba yake alikohoa. "Na wazee waliokaa hapa?"

"Nitawaomba msamaha mwenyewe. Mmoja mmoja."

"Haya. Waambie wakuje. Lakini wazee wataanza na wewe kabla ya mbuzi."

Alipompigia Lenny tena, mkono wake ulikuwa umetulia, na hilo lilimtia hofu kidogo.

"Tata amesema mkuje."

"Kweli? Na wewe unasemaje, mwendwa?"

Alijitafuta ndani. Alitarajia angalau moyo ushtuke. Skana ilikuwa ikinguruma kando yake, ramani ya kwanza imetoka, mipaka yote inaonekana.

"Mimi bado sisikii kitu, Lenny. Sikudanganyi. Tangu wale wazee wasimame wakaenda, niko tu. Sijui kama ile hisia itarudi."

"Sasa nikuje hivyo hivyo?"

"Kuja hivyo hivyo," Syombua alisema. "Nikiwa peke yangu haitarudi."