Utepe Mweupe Shambani

Mama Vifungo, fundi cherehani, alikuwa hapiti kitambaa akakiacha. Akiona hata kipande cha utepe njiani, huokota. "Kwa fundi hakuna takataka," husema.

Asubuhi moja alimfuata mumewe shambani, nyuma ya nyumba. Shamba lilikuwa halijalimwa tangu vita viishe. Mvua zilikuwa karibu. Wasipopanda maharage sasa, mwaka mzima ni njaa.

Mara akaona utepe mweupe ukichungulia majanini. Mpana, imara! Akainama.

"Usiguse!"

Sauti ilitoka barabarani. Alikuwa jirani yao, binti mtegua mabomu.

"Msisogee mbele! Baba, jembe lisiguse chini! Chini ya utepe huo kuna bomu. Rudini kwa kukanyaga nyayo zenu zilezile."

Wakarudi, hatua baada ya hatua. Alipofika barabarani, Mama Vifungo akaangua kilio.

"Lakini limekaa hapo muda wote huo," alisema mumewe. "Si limeshakufa?"

"Limelala tu, baba. Wakati wa vita, ndege iliangusha bomu kubwa. Likafunguka angani, likamwaga vibomu mamia, kila kimoja na utepe wake mkiani, juu ya nyumba na mashamba ya watu. Vingine havikulipuka. Vinasubiri jembe, mguu au mkono."

"Ole wangu! Ningekufa kwa ajili ya mkanda wa gauni la mteja!"

"Ukiona kitu kama hicho, mama, usiguse, wala usikirushie jiwe. Rudi ulikotoka. Weka alama kwa mbali, kisha utuite. Sisi huweka vitambaa vyekundu, ila vimetuishia."

Mama Vifungo akafuta machozi. "Viwaishie na mimi nipo?"

Akashusha mapazia yake mekundu, akayakata, akashona bendera mia mbili. Mumewe alipouliza mapazia yako wapi, akajibiwa, "Yamekwenda kazini. Nenda na wewe ukachonge vijiti."

Kwa wiki tatu kikosi cha yule binti kilikagua shamba lote. Vikapatikana vibomu kumi na saba. Watu walipelekwa mbali, kila kimoja kikalipuliwa pale kilipolala. Kila mlipuko, Mama Vifungo alipiga kigelegele. Cha kumi na saba kilipolia, mtaa mzima ulimwitikia.

Binti akamshika mkono. "Twende, mama. Tutembee." Wakalivuka shamba kutoka mwanzo hadi mwisho, mumewe nyuma yao na jembe begani. Siku hiyohiyo maharage yakaingia ardhini.

Yalistawi hasa! Siku ya kuvuna, Mama Vifungo akaona utepe kando ya njia. Mkono ukataka kwenda. Akausimamisha, akarudi nyuma, akafunga kitambaa chekundu kwa mbali, akaenda kuita.

Binti akaja, akachunguza, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, huu ni wa kufungia zawadi!"

"Cheka, mwanangu, cheka sana," alisema Mama Vifungo, akibeba gunia la maharage. "Mimi mikono yangu ninayo yote miwili."