Mdhamini wa Apenisa

Mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, haibishi hodi. Adhuhuri ile ilimwagika ghafla, watu wa sokoni wakakimbilia kwenye kibanda ambamo Vilimaina aliwaandikia watu barua za kuomba kazi. Kijana mmoja mrefu, shati lake la maua limemganda kifuani, akamkanyaga mguu.

"Samahani, dada. Mguu bado upo?"

"Upo, ila asubuhi ulikuwa mzuri zaidi."

Wakacheka. Kijana akajitaja, Apenisa, akatoa karatasi iliyolowa. Bandarini walitaka mtunza ghala, na huo ndio wasifu wake: mistari mitatu mikavu.

"Hapa katikati, miaka sita, ulipotelea wapi?"

"Nilimuuguza mama mpaka akafariki."

"Mbona hukuandika?"

"Hilo nalo la kujisifia?"

"Kwenye wasifu usipojisifu, nani akusifu?"

Akamwandikia upya. Dawa kwa saa zake, daftari la hospitali, kliniki bila kukosa hata siku moja. Penye wadhamini, wale watakaopigiwa simu wamsemee, akamweka mjomba wa Apenisa, Mchungaji Inoke. Nani angebishana na mchungaji?

Apenisa akawa anapita kila mchana na roti, chapati iliyofungiwa viazi, wakila wakigombania kipande cha mwisho. Mapenzi hayakuchelewa.

"Nikipata bandari, Vili, nakuja kwenu na jino la nyangumi la posa, nipige magoti kwa baba yako."

"Na ukikosa?"

"Machinjio, Australia. Mkataba miaka minne." Hakutania tena.

Simu ikalia Jumatatu.

"Wamenikataa," sauti ya Apenisa ilikuwa baridi. "Eti waliyoyasikia hayafanani na karatasi. Uliyapamba mno. Umemfanya marehemu mama yangu bidhaa."

"Api, mpenzi, sikuandika hata neno moja la uongo..."

Ikakatika. Siku nane Vilimaina alipiga, hakupokelewa.

Siku ya tisa akavaa gauni lake refu la kanisani, akaenda kwa Mchungaji Inoke, akaketi mkekani, kichwa chini.

"Mchungaji, wale wa bandarini walikupigia?"

"Walinipigia! Meneja mwenyewe, mgeni, mtu mpole." Mzee alitabasamu. "Nilimtetea mpwa wangu. Nikamwambia, 'Huyo ni kijana wetu tu, maskini, hana alijualo, mtuvumilie naye.' Nilisema vizuri, mwanangu?"

 Mfiji yeyote angeelewa. Mtu wako hutakiwi kumsifu mbele ya mgeni. Unamshusha, mgeni ndiye amwinue. Mgeni huyu hakujua zamu yake. Na yeye Vilimaina, aliyekulia katika maneno hayo hayo, hakukumbuka kumwonya mzee.

"Ulisema vizuri sana, Mchungaji."

Akiwa bado njiani akapiga bandarini, akaeleza mpaka ulimi ukakauka. Mwanamke wa upande wa pili akamsikiliza hadi mwisho.

"Pole, dada. Mtu mwingine ameshaanza kazi."

Alimkuta Apenisa kituoni siku ya safari, koti jipya limempwaya, begi miguuni. Binamu wa Apenisa ndiye aliyemwambia Vilimaina saa ya basi la Nadi, kwenye uwanja wa ndege. Akamweleza yote, haraka haraka, dereva akiwa tayari amewasha gari.

 Apenisa akafunika uso kwa viganja.

"Na mimi nikakutukana wewe."

"Kosa ni langu pia. Mimi ndiye niliyemweka mjomba wako."

"Mjomba anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie kamwe. Atazikwa na majuto hayo."

"Sitamwambia." Akamfuta machozi kwa ncha ya mkono wa gauni. "Usiende, Api."

"Nimeshaweka sahihi, mpenzi. Nikitoroka mkataba, hakuna wa kijijini kwetu atakayechukuliwa tena." Akamshika vidole. "Niahidi kitu. Sema utanisubiri."

Vilimaina alitaka kusema ndiyo. Aliwajua wanawake wa mtaani kwao waliosema ndiyo na mpaka leo wanasubiri.

"Ukirudi ukanikuta, nioe siku hiyo hiyo. Usiponikuta, usiulize watu."

Honi ikalia. Apenisa akapanda, akafungua dirisha, akatoa mkono kwenye mvua. Vilimaina akaushika, akatembea sambamba na basi, kisha akakimbia, mpaka basi likamzidi mbio.