Debe la Mama Sabuni

Kabla hakujapambazuka, bomba la uani kwetu lilikuwa na kawaida ya kukohoa. Lilikohoa mara mbili tatu, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusalimia, kisha likatulia. Sisi tuliolizoea tulijua maana yake: maji yamefika mtaani. Lakini hakuna aliyekimbilia kufungua. Tulingoja debe.

Ngojeni niwaeleze habari ya debe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mtaa wetu uko kwenye mteremko. Nyumba ni kumi na moja na bomba ni moja, linaanzia huku chini kwetu barabarani na kupanda hadi kule juu kwa Mama Sabuni. Maji yalikuja Jumanne na Ijumaa tu, tena hayakuwa na nguvu. Mmoja wa huku chini akifungua koki, wa juu wanabaki na upepo. Basi waliotutangulia waliweka utaratibu. Wote tunafunga, nyumba ya juu kabisa inajaza kwanza mapipa yake mawili. Ikimaliza, inagonga debe kuukuu mara mbili. Nyumba ya chini yake inafungua, inajaza, nayo inagonga. Debe linashuka hivyo nyumba kwa nyumba mpaka linafika kwetu, nyumba ya mwisho.

Mwenye kuanza kugonga alikuwa Mama Sabuni. Jina hilo tulimpa sisi kwa sababu ya kazi yake. Ni dobi, anafua nguo za watu kwa mikono, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto wake watatu peke yake. Mkwe wangu alipojifungua, Mama Sabuni alishuka mteremko siku saba mfululizo kufua nepi. Hakuna aliyemwomba. Kila nepi aliikunja pembe kwa pembe kama barua, akaziweka kitandani, akaondoka bila hata kungoja chai. Mimi huyaona mambo kama hayo na siyasahau. Kwa hiyo kila niliposikia debe lake alfajiri nilisema moyoni, haya, mwenzangu kaamka salama.

Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mwanangu ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mkewe, na binti yao wa miaka mitatu tuliyemwita Kifaranga kwa jinsi alivyonifuata nyuma uani. Tulikuwa na amani. Kisha mwanangu akachoka kungoja.

Sitaki mumwone mtu mbaya. Mkewe alikuwa na maumivu ya mgongo, na zamu yetu ilipofika jua lilikuwa limeshatoka, naye bado kainama kwenye mapipa. Siku moja mwanangu akatupa kofia yake ya kazi pembeni, akasema, "Kila siku sisi wa mwisho! Kwani sisi ni watoto wa kambo wa mtaa huu?"

Wiki iliyofuata alileta pampu, na tangi la plastiki kubwa kama chumba. Akaiunga pampu kwenye bomba la mtaa, akaifunika kwa gunia.

"Mwanangu," nikamwuliza, "na wale wa juu?"

"Wa juu wana miguu, Mama. Na wao wanunue pampu."

"Mama Sabuni anunue pampu?"

"Mama, wewe unywe maji upumzike."

Nami nikanywa, nikapumzika. Hilo nalikiri mbele yenu mapema, msije mkadhani nawahubiria nikiwa nimesimama mahali pasafi. Nilioga maji mengi, nikafurahia. Mkwe wangu aliacha kulalamika mgongo. Kifaranga alichezea maji kwenye beseni mchana kutwa. Mwanangu, alipoona maji yanabaki, akaanza kuosha pikipiki za watu langoni. Povu na matope vilitiririka mpaka mtaroni, na mtaro ukawa haukauki.

Lakini debe halikugongwa tena. Jumanne bomba lilikohoa, pampu ikanguruma chini ya gunia, kukacha. Nililala macho nikisikiliza. Ijumaa vilevile. Kule juu palikuwa kimya.

Wiki ya tatu Mama Sabuni akashuka na ndoo tupu. Mwanangu alikuwa anaosha pikipiki. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua maharage.

"Fundi," alisema akijaribu kucheka, "bomba langu lina pumu. Linapumua tu, halitemi."

"Labda limezeeka, Mama Sabuni. Mwite fundi bomba."

"Nimemwita. Kaniambia nije nisikilize hapa kwako."

Pampu ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Mwanangu hata hakugeuka. "Hiyo ni friji," akasema.

Mama Sabuni aliutazama mpira wa maji, akayatazama yale maji yanavyokimbilia mtaroni. "Friji yako ina kiu sana, baba," akasema.

Kisha akanigeukia mimi. Akaniamkia vizuri kama siku zote, "Shikamoo, Mama," akaniuliza hali ya magoti yangu. Hakuniuliza kitu kingine. Angenitukana ningepata la kujibu. Nikabaki nimeinamia maharage yangu kama yana maandishi. Akachukua ndoo yake akaenda kwenye kijito, mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi, na wateja wake wakaanza kupeleka nguo kwingine kwa sababu zilichelewa. Nilimwona akipita, siku baada ya siku, shingo imekakamaa chini ya ndoo. Kilichokuwa kinamwagika langoni kwetu kilikuwa riziki yake.

Sasa sikilizeni yaliyotupata.

Jumatano moja Kifaranga aliamka akitapika. Kufika saa mbili asubuhi alikuwa anaharisha maji matupu, macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Mkwe wangu alimbeba mbio hadi zahanati. Muuguzi akampima, akampa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya bomba," mkwe wangu akasema. "Yetu wenyewe, tuna tangi."

"Yachemsheni kwanza. Mpeni kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Akishindwa kunywa, mrudisheni hapa hapa haraka, msingoje."

Tulichemsha maji ya tangi. Yakachemka, na bado yakanuka. Nilikuwa nimeisikia harufu ile siku mbili nyuma nikadhani ni plastiki. Tuliyachanganya na dawa, mtoto akayaonja, akayatema, akageuza uso. Tukajaribu tena, akayatapika. Mwanangu alisimama katikati ya chumba, yeye na mikono yake mikubwa, hajui aiweke wapi. Tangi limejaa hadi shingoni, na ndani ya nyumba hapakuwa na kikombe kimoja cha kumpa mtoto.

Hapo tukasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa Mama Sabuni, kabeba dumu na birika.

"Nani kakwambia?" mkwe wangu akauliza.

"Kamba yenu. Mimi ni dobi, nikiona kamba ya nguo najua habari za nyumba. Tangu asubuhi nimeona shuka moja dogo likianikwa mara nne. Nikajua mtoto anaumwa tumbo." Akaweka dumu chini. "Haya ni ya kijito kule juu kabisa kwenye mawe. Nimeyachuja kwa kitambaa mara mbili, nimeyachemsha, yamepoa. Leteni hiyo dawa."

Mwanangu akafungua mdomo kusema neno.

"Baadaye, fundi," akamkatiza. "Sasa hivi lete kijiko."

Akaketi chini, akampakata Kifaranga. Kijiko kimoja. Tunangoja. Kijiko kingine. Akitapika, Mama Sabuni anamfuta, anangoja kidogo, anaanza tena, kama mtu mwenye muda wote wa dunia, na mimi nilijua nyumbani ana nguo za watu zimelowekwa. Tulikaa hivyo mpaka adhuhuri, mpaka alasiri. Mkwe wangu alikuwa ameshafunga kitenge tayari kumrudisha zahanati, ndipo mtoto akafumbua macho, akasema kwa sauti nyembamba, "Bibi, kojo."

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, nimeona harusi nyingi, lakini sijaona watu wanne wakishangilia kama tulivyoushangilia mkojo ule. Mkwe wangu alipiga vigelegele. Mwanangu alitoka nje, nikamsikia analia nyuma ya tangi.

Jioni tulimrudisha kwa muuguzi ili amtazame. Akasema hatari imepita, tuendelee vilevile. Kesho yake Kifaranga aliomba uji.

Mwanangu akamwita fundi bomba, naye akaja siku hiyo hiyo. Ni mzee mmoja mfupi mwenye maneno. Akafunua gunia, akaitazama pampu, akatikisa kichwa.

"Bomba hili ni la zamani, lina nyufa," alimwambia mwanangu. "Maji yakija kwa kusukumwa, nyufa zinatema nje. Hupati hasara ila matone. Lakini ukiyavuta kwa nguvu hivi, nyufa zinanyonya. Bomba lako limegeuka mrija. Na unajua limepita chini ya nini?"

"Chini ya nini?"

"Chini ya mtaro. Huo huo unaoumwagia matope ya pikipiki, na vyoo vya barabarani vinachuruzikia humo humo. Umeosha, umemwaga, umeyavuta tena, umeyanywa. Bahati ya wa juu ni kwamba hukuwaachia hata tone."

Mwanangu alichukua spana, akaifungua pampu kwa mkono wake. Kisha akapanda mteremko. Nami nilimfuata, pole pole, na magoti yangu.

Mama Sabuni alikuwa anakamua shuka. "Shikamoo," mwanangu akasema. Yule mama alikamua shuka mpaka mwisho, akalikung'uta, akalianika, akaliwekea vibanio. Mwanangu kasimama tu.

"Marahaba," hatimaye akasema. "Mtoto?"

"Anakula uji. Mama Sabuni, ile haikuwa friji."

"Kumbe!" akasema, akashika kiuno. "Na mimi nilitaka kukuomba barafu."

Tulicheka, kisha mwanangu akashindwa kucheka, akapiga magoti pale kwenye maji ya sabuni akamwomba radhi. Mama Sabuni alimwinua kwa kiwiko. "Suruali hiyo utanifulisha mimi," akasema. "Inuka. Niambie utafanya nini."

Mimi pia niliomba radhi yangu. Nilimwambia nilijua tangu siku ya kwanza na nikanyamaza. Akaniambia, "Najua, Mama. Ndiyo maana sikuja kukuuliza." Sitalisahau jibu hilo.

Mwanangu alichofanya ni hiki. Alichomelea mnara wa vyuma, akausimamisha uani kwa Mama Sabuni, mahali pa juu kuliko pote. Wanaume wa nyumba zote kumi na moja wakalipandisha lile tangi mteremkoni, wakalisugua kwa dawa, wakaliketisha juu ya mnara. Watu wote, na mkwe wangu mwenye mgongo wake akigawa chai, walichimba kando ya mtaro na kulihamisha bomba mahali pakavu. Sasa maji yakija Jumanne na Ijumaa, koki zote zinafungwa, tangi linajaa kwanza. Asubuhi, jua limeshatoka, debe linagongwa mara moja, na nyumba zote zinafungua pamoja. Maji yanashuka yenyewe bila pampu. Kila nyumba mapipa mawili, wa juu na wa chini sawasawa, na asiyeweza kuinama anajaziwa na jirani. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Na pikipiki? Bado anaziosha. Ila anatumia maji ya suuza ya Mama Sabuni, yanayoshuka kwa mfereji mdogo hadi kwenye pipa langoni. Waendesha pikipiki wanasema vyombo vyao vinanukia kama mashuka.

MAFUNZO

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma, hadithi hii inatufunza kwamba kitu cha wote kikivutwa na mmoja kinaharibika hata mkononi mwa aliyekivuta. Mwanangu aliwatafutia watu wake raha, akawaletea ugonjwa. Ukiona utaratibu wa mtaa wako unakuchosha, usiuvunje kisirisiri. Uuseme mchana mbele ya wote, huenda na wenzako wamechoka vilevile, na mkikaa pamoja mtapata ulio bora kwa kila mtu. Maji mtumie kidogo, na yaliyotumika yakifaa tena, yatumieni tena. Na wewe usiyetenda uovu lakini unakula matunda yake huku umenyamaza, kama nilivyonyamaza mimi, jua kwamba sehemu ya kosa ni yako. Sema mapema.

Jumanne iliyopita nilipanda kwenda kumsalimia Mama Sabuni. Nilichukua ndoo yangu ndogo, kwa mazoea tu, kama kisingizio cha kwenda. Tulikaa chini ya mnara, Kifaranga akigonga debe hovyo hovyo mpaka majirani wakapiga kelele kwamba bado si wakati. Mama Sabuni alinionyesha nguo za wateja wake waliorudi, kamba tatu zimejaa. Nilipoaga, akanishika mkono kunivusha ule mfereji, akanipokea ndoo yangu, akacheka.

"Ijumaa uje tena, Mama," akasema. "Uje hata bila ndoo."